Biashara ya Vijana Haijakoma Pwani Yetu

Mtu akitaja biashara ya watu katika pwani ya Kilwa na Lindi, fikira za wengi hukimbilia karne ya kumi na tisa: minyororo, misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa, na majahazi yaliyopakia watumwa Kilwa Kivinje kwenda Unguja. Hudhaniwa ya kwamba mambo hayo yalikwisha tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja, au kwamba yalikwisha mwaka 1922, sheria ilipoufuta utumwa katika Tanganyika nzima. Minyororo imekwisha, ni kweli. Lakini binti wa miaka kumi na minne wa Mchinga au wa Kitomanga aweza leo kupanda basi asubuhi, na baada ya majuma machache akawa katika chumba cha nyuma ya baa mjini, hana nauli, hana simu, anadaiwa hata chakula alichokula, na kila usiku huletewa mwanamume asiyemjua. Sheria ya nchi huliita jambo hilo usafirishaji haramu wa binadamu. Wazee wetu wangaliliita kwa jina fupi zaidi.

Yafaa tuanze na kisa kimoja cha zamani, kwani kinafundisha kuliko hotuba nyingi. Katika miaka ya 1860 mapadre wa misheni ya Kikatoliki ya Unguja walimpokea mtoto wa kike kutoka nchi ya Wayao, jina lake Swema, na habari zake zikachapishwa Ulaya. Baba yake alikuwa amekwisha kufa. Mama yake, kwa ajili ya njaa, alikopa mtama kwa mtu aliyemjua. Mavuno yakaharibika na deni halikulipika. Mdai akaja akamchukua mtoto badala ya mtama, akamtoa kwa wafanya biashara wa msafara kwa mikono michache ya kitambaa. Mama hakuweza kuachana na mwanawe, akaufuata msafara kwa hiari yake mwenyewe, akachoka njiani, akafa. Swema akafikishwa Kilwa, akapakiwa jahazini, na alipofika Unguja alikuwa amedhoofika hata wakamdhania maiti wakamfukia. Alifukuliwa akiwa hai na mpita njia, ndipo akapelekwa misheni.

Tazama jinsi alivyopatikana mtoto huyo. Hapana aliyevamia kijiji usiku kwa bunduki. Palikuwa na njaa, na deni, na mtu wa jirani aliyeijua nyumba ile na udhaifu wake. Mgeni wa msafara alikuja mwisho kabisa, kuchukua kilichokwisha kutayarishwa. Anayetafuta biashara ya vijana wa leo kwa kumwangalia mgeni mwenye sura ya kutisha atakesha bure. Kwa kawaida anayemtoa mtoto ni mtu anayekaribishwa chai.

Jambo la pili katika historia hiyo ni habari ya njia. Mkataba wa 1873 ulipoifunga bahari, wafanya biashara hawakuacha kazi yao. Waliwaendesha watu kwa miguu kuelekea kaskazini, kutoka Kilwa kupita Rufiji, hata Pangani, ili wavushwe huko kwa siri kwenda Pemba. Afisa mmoja wa Kiingereza, Frederic Elton, aliyesafiri katika njia hiyo mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, alihesabu zaidi ya watumwa 4,000 katika muda wa mwezi mmoja tu. Haikuwa mpaka 1876 ndipo Barghash alipoipiga marufuku na njia ya bara. Leo barabara ya lami itokayo Lindi, ikapita Mchinga, Nangurukuru, Somanga, ikavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003, yaenda karibu na njia ile ile mpaka Mbagala. Barabara yenyewe haina kosa. Imetuletea soko la ufuta na korosho, na mgonjwa aliyekuwa akifa njiani msimu wa mvua sasa hufika hospitali. Lakini kila kilichokuwa mbali sasa kiko karibu, pamoja na danguro la mjini.

Sasa tuseme jinsi mambo yanavyokwenda. Aghalabu anayekuja ni mwanamke wa makamo, tena mwenye heshima. Huenda ni shangazi wa mbali, au rafiki wa mama wa zamani aliyehamia Dar es Salaam, au binti wa kijiji hicho hicho aliyerudi kuhudhuria msiba akiwa na kanga mpya na simu nzuri. Husema anahitaji msichana wa kumsaidia kazi za nyumbani, au kwamba yupo mwenye duka anayetafuta wauzaji, au kwamba atamsomesha ushonaji. Desturi yetu ya kumpeleka mtoto akalelewe kwa ndugu ni desturi njema, na wengi miongoni mwetu tulisoma kwa ajili ya desturi hiyo. Ndiyo maana inamfaa sana kuwadi: hana haja ya kubuni uwongo mpya, huuvaa wema uliopo.

Wakati wake naye anaujua. Mtihani wa darasa la saba hufanywa Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katika miezi ile mtoto wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne hana daftari la mahudhurio linalomwuliza yuko wapi. Mwalimu amemaliza kazi yake, na mwalimu mwingine bado hajaianza. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya minada ya korosho, watu wageni ni wengi, fedha yazunguka kwa baadhi, na madeni yadaiwa kwa wengine. Aliyekosa mavuno, aliyekopa pembejeo, aliyeuguza mtu mwaka mzima, ndiye atakayeambiwa, "Nipe binti yako nikupunguzie mzigo, na kila mwezi atakuletea kidogo." Mahali pengine fedha kidogo huachwa mezani siku ile ile, na huitwa ya sabuni. Fedha hiyo ndiyo kitambaa cha Swema.

Siku hizi wako pia wanaopatikana pasipo mtu kufika kijijini. Kijana hukaa barazani na simu ya kiganjani, akaandikiana na mtu aliyejifanya kijana mwenzake, akasifiwa, akatumiwa vocha, akaahidiwa kazi ya hoteli Unguja au kazi ya nyumbani Oman. Wako waliokwenda Oman kwa njia za halali wakafanya kazi na kujenga nyumba, hatuna budi kusema kweli hiyo. Lakini shirika la Human Rights Watch lilipotoa taarifa yake ya 2017 juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na katika Falme za Kiarabu, lilikuta wengi walionyang'anywa pasi zao za kusafiria, waliozuiwa mishahara, na wengine walioingiliwa na mabwana wa nyumba bila ya kuwa na pa kukimbilia.

Wala tusiwasahau wavulana. Kijana wa kiume huchukuliwa kwa kazi ya uvuvi, ya migodi au ya kuchuuza bidhaa barabarani, akanyimwa ujira, na wako wanaoharibiwa kama wanavyoharibiwa wasichana. Hao ndio wasiosema kabisa, kwani aibu yao imekosa hata jina la kuitamkia mbele ya wazee.

Wataka kujua dalili? Nyingi huonekana kabla mtoto hajaondoka, na huo ndio wakati zinapofaa. Ajira ya kweli ina mahali: mtaa, jina la mwenye nyumba, namba ya simu inayoitikia ikipigwa na mtu mwingine. Ahadi ya kuwadi ina mji tu. "Dar es Salaam" si anwani. Tena kuwadi ana haraka. Gari laondoka kesho alfajiri, nafasi ni moja, na baba akirudi safari atasimuliwa. Hataki mtoto aage watu wengi. Hutaka umri uongezwe, akisema, "Akiulizwa aseme ana kumi na minane." Hulipa nauli yeye, kisha nauli hiyo huandikwa kuwa deni, na deni hilo halipungui hata siku moja, kwani kila sahani ya ugali na kila shuka huongezwa juu yake. Kwa mtoto mwenyewe, mzazi ataona simu mpya isiyo na maelezo, nguo ambazo hakumnunulia, mazungumzo yanayokatizwa mtu akiingia, na rafiki mkubwa wa umri asiyetaka kuonana na wazazi.

Huko mjini nako dalili ziko. Msichana asiyetoka peke yake hata dukani. Anayejibiwa na mtu mwingine akiulizwa jina. Asiyejua mtaa anaokaa. Mwenye alama za kipigo. Aliyekuwa akipiga simu nyumbani kila juma na ghafula akanyamaza, au akawa anazungumza kama aliyesimamiwa. Jirani, mwenye genge, dereva wa bodaboda, mhudumu wa gesti, hawa huona mengi kuliko askari. Mhudumu wa gesti hasa: yeye ndiye anayeandika daftari la wageni, na yeye ndiye anayejua nani ameingia na mtoto.

Yawapasa wananchi wajue sheria inasema nini, kwani kuwadi hutegemea kutojua kwao. Tanzania iliridhia mwaka 2006 itifaki ya Umoja wa Mataifa ya kuzuia biashara ya watu, na mwaka 2008 Bunge likapitisha Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu. Chini ya sheria hiyo si lazima mtu avushwe mpaka. Kumtoa Mchinga kumpeleka Temeke kwa ajili ya kumnyonya kwatosha. Aliye chini ya miaka kumi na minane hawezi kuridhia biashara hiyo, hata akisema mwenyewe mbele ya watu kwamba alitaka. Anayemsafirisha mtoto hukabiliwa na kifungo cha miaka kumi mpaka ishirini. Kosa huhesabiwa zito pia mtendaji akiwa mzazi, mlezi, ndugu au mtumishi wa umma. Aliyepangisha nyumba yake huku akijua inatumiwa kwa kazi hiyo naye hana pa kujificha. Zamani hakimu aliweza kumtoza mkosaji faini tu akaenda zake. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa kwa ajili ya mwanya huo. Kumwingilia mtoto wa kike aliye chini ya miaka kumi na minane ni ubakaji tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kuridhia kwake kuwe na kusiwe.

Yuko mjanja anayetumia ndoa. Huja na mahari ya haraka, shahidi mmoja, na mume ambaye hapana aliyewahi kuuona ukoo wake. Baada ya mwezi "mume" huyo amemwacha mke wake katika nyumba ya mtu mwingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka kumi na mitano kuozwa kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Mzazi anayejitetea kwa neno la ndoa ayakumbuke maamuzi hayo, na tena akumbuke kwamba kumwoza mwanafunzi ni kosa lenye kifungo kirefu tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016.

Lakini sheria haifanyi kazi bila ya mtu wa kusema, na hapa ndipo tunapojikwaa. Binti aliyerudi hupokewaje? Akishuka kwenye basi amekonda, bila ya mzigo, watu humtazama tumbo kwanza. Huitwa malaya na wale wale waliomsindikiza. Mama yake huambiwa amfiche. Mchumba hapatikani, na shule haimtaki kwa kuwa umri umepita. Basi anyamaze, na akinyamaza, yule mwanamke wa kanga mpya anakuja tena mwaka ujao katika nyumba ya tatu kutoka hapo, anakaribishwa chai. Hatuijui biashara hii vizuri katika vijiji vyetu kwa sababu mashahidi wake tumewafunga midomo kwa matusi. Wala si haki kumwuliza mtoto kwa nini hakukimbia. Amekimbia wapi, usiku, katika mji asioujua, akiwa na deni la nauli na hofu ya kwamba picha zake zitapelekwa kijijini?

Katika nchi ya Wamwera, Wamakonde na Wayao tuna hazina ambayo mashirika mengi yapitayo na mabango yao hayaioni. Msichana wa huku ana kungwi au somo, mwanamke aliyemfunda unyagoni, na mbele yake husema yale asiyoweza kumwambia mama yake mzazi. Yako mengi ya kulaumiwa katika unyago wa siku hizi, hasa kumfunda mtoto wa miaka tisa mambo ya ndoa, na sisi hatuyatetei. Lakini kungwi mwenye akili akiamua kumfunda mwari jinsi kuwadi anavyozungumza, na kumwambia wazi ya kwamba akipatwa na baya arudi kwake naye hatatukanwa, atafanya kazi ambayo semina ya siku tatu katika hoteli ya Lindi haiwezi kuifanya. Vivyo hivyo ngariba na walimu wa jando kwa wavulana; na imamu wa msikiti, ambaye husikilizwa Ijumaa na watu wasiosikiliza mtu mwingine yeyote.

Sasa tugeuke tujitazame, sisi wafanyakazi wa mjini tunaosoma gazeti hili. Nani humwajiri binti wa Lindi? Si tajiri wa Ulaya. Ni karani, ni mwalimu, ni fundi, ni muuguzi, ambaye wote wawili yeye na mkewe huenda kazini na mtoto mdogo abaki. Wengi huwatunza vizuri. Wako wengine ambao mshahara wa msichana "huwekwa" kwa bibi mwenye nyumba mwaka mzima usionekane. Ambao humlaza jikoni. Na ambao humfukuza saa mbili za usiku kwa kuvunja sahani. Huyo aliyefukuzwa usiku stendi ndiye kuwadi anayemngojea. Sheria ya Ajira ya 2004 yakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka kumi na minne, na wafanyakazi wa majumbani wana chama chao cha kuwatetea, CHODAWU. Ni mwanachama gani wa chama cha wafanyakazi atakayedai nyongeza ya mshahara wake Mei Mosi, huku nyumbani kwake yuko mtu asiyelipwa?

Na nani hununua? Mwaka 2006 Serikali ya Kenya na UNICEF walichunguza biashara ya ngono ya watoto katika pwani ya Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani. Watu walitazamia kusikia habari za watalii wa Kizungu, na kweli walikuwako. Lakini kundi kubwa kuliko yote la wateja lilikuwa la Wakenya wenyewe, karibu wanne katika kila kumi. Hatuna sababu ya kudhani upande wetu wa pwani una watakatifu zaidi. Baa ile haiendeshwi na wageni. Huendeshwa na fedha ya mishahara yetu, ya posho za safari, ya mauzo ya ufuta, na hapana kuwadi anayeweza kufanya biashara pasipo mnunuzi.

Nini basi kifanyike Mchinga? Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zimepangwa kuwa katika kila kijiji, mtaa na kata tangu mpango wa taifa wa 2017. Mahali pengine zipo katika karatasi tu. Polisi wana madawati ya jinsia na watoto. Simu ya 116 hupigwa bure, na mtoto mwenyewe aweza kuipiga. Hayo ni ya serikali. Liko jambo dogo ambalo halihitaji fedha ya mtu: kijiji kiwe na daftari la vijana wanaoondoka. Aliye chini ya miaka kumi na minane asiondoke na mtu asiye mzazi wake mpaka mtendaji ameandika jina la mchukuzi, kitambulisho chake, mtaa aendako, na simu ya mwenye nyumba, nayo ipigwe pale pale. Mwenye nia njema hatakasirika. Atapoteza robo saa. Balozi wa nyumba kumi, cheo kilichoanzishwa na TANU katika miaka ya 1960, anajua kila mlango wa shina lake na ndiye wa kwanza kuona mtoto hayupo. Aulize baada ya mwezi mmoja, na baada ya mitatu: binti wa fulani amepiga simu? Ameisema sauti yake mwenyewe? Utingo na kondakta wa mabasi nao wafundishwe kuuliza, kwani mtoto anayesafiri alfajiri na mtu asiyelijua jina la ukoo wake ni jambo la kuulizia pale stendi, kabla ya Somanga.

Haya yana haraka kwa sababu moja. Mwezi Juni 2022 serikali ilitia saini makubaliano ya awali na makampuni ya Equinor na Shell juu ya mtambo mkubwa wa kusindika gesi, na mahali palipochaguliwa ni Likong'o, jirani kabisa na Mchinga, ambako wananchi walikwisha kulipwa fidia ya ardhi yao. Siku ujenzi wa namna hiyo unapoanza, maelfu ya wanaume huja bila ya familia zao, wenye fedha kila mwisho wa mwezi, na baa na gesti huota kandokando ya kambi kama uyoga. Sisi twaitaka kazi hiyo, na vijana wetu wanaingojea. Lakini yako ya kuulizwa mapema: kambi itakaa umbali gani na shule, nani atakayekagua madaftari ya gesti, mkataba wa mkandarasi utasema nini juu ya mfanyakazi wake, kibarua au mhandisi, atakayekutwa na mtoto, na dawati la jinsia la Lindi litapewa askari wangapi wa kike, na gari la kufika Mchinga saa sita za usiku. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu kwa mujibu wa sheria, na mitaa nayo ina mikutano yake. Ajenda hupokelewa na mtendaji, na hapana ada ya kuipeleka.